Kalafati ya Pikipiki

Masatu hakuwa na vaisi ya kubania vyuma. Hakuwa na umeme, wala kibao cha kumtangaza, wala mlango wa kufunga, kwa sababu karakana yake pale Mwisenge ilikuwa mabati sita juu ya nguzo nne. Hakuwa na seti kamili ya soketi. Alikuwa nazo tisa, kila moja na ukoo wake. Hakuwa na ukucha wa dole gumba la kushoto, uliochukuliwa na mnyororo wa pikipiki ya mteja. Hakuwa na cheti cha chuo chochote isipokuwa kile cha kisomo cha watu wazima, chenye mhuri, ambacho mkewe Dafroza alikitundika juu ya picha ya Bikira Maria mpaka padri alipomwomba akishushe kidogo. Na mwaka ule wa themanini na sita, biashara ilipokwisha kulegezwa na maduka kujaa, Masatu hakuwa na wateja pia.

Miaka ya shida ndiyo iliyokuwa miaka yake. Sabuni ilipokuwa kwa foleni na sukari kwa kibali, watu walisukuma pikipiki zao toka Majita na Bunda na Butiama hadi chini ya mabati yale. Kipuri hakikuwepo Musoma, hakikuwepo Mwanza, na Dar es Salaam walisema labda mwezi ujao. Basi Masatu alikata gaskiti kwenye boksi la sabuni, akachonga bushi kwenye mti wa mkwaju, akatoa bitana ya breki kwenye tairi la lori. Pikipiki ikiwaka, watu walipiga makofi. Wengine walimletea samaki, sato mzima, amefungwa kwa ukindu.

Sasa vipuri vilining'inia madukani kama mikungu ya ndizi, na kijana yeyote mwenye spana mbili alikuwa fundi. Mmoja wao alimwambia Masatu usoni, bila ubaya wowote, "Mzee, wewe unatengenezaga. Siku hizi hatutengenezi. Tunabadilisha."

Ilipofika mwezi wa tatu bila Masatu kuleta kitu nyumbani, Dafroza aliyekuwa akiuza dagaa sokoni aliweka ungo chini, akasema, "Baba Selestina, mimi nimechoka kuuza dagaa ili wewe ununue msasa."

Wiki hiyohiyo ndipo salamu ilipofika kutoka Bunda. Bwana Boniphace wa Nyasura, mwenye malori ya kubeba pamba na pikipiki kadhaa, alikuwa na gereji yake mwenyewe, na alitafuta fundi mkuu. Mshahara wa kila mwezi, na chumba cha kulala. Aje na cheti.

Dafroza alipiga shati pasi ya mkaa. Akamfungia mihogo ya kuchemsha kwenye gazeti, akamsindikiza mpaka barabarani.

"Ukifika usianze kumweleza mtu historia ya kila nati," alimwonya. "Jibu unachoulizwa."

"Na nisipoulizwa?"

"Nyamaza kama watu wengine."

*

Bwana Boniphace alikuwa na umri wa mdogo wake Masatu wa mwisho, lakini alimwacha akae juu ya tairi hadi kivuli cha ukuta kikamfika miguuni. Alipomwita hakuinuka kitini. Alikifungua cheti, akakisoma, akakigeuza nyuma kutazama kama kuna kingine.

"Fundi, hiki ni cheti cha kusoma na kuandika."

"Ndiyo, bwana. Ninasoma na ninaandika."

Mafundi wawili waliokuwa wakibadilisha tairi la lori walicheka. Mama Miriamu, aliyepika chakula pembeni ya gereji, alicheka pia, kisha akajifuta mdomo kwa kanga kama aliyejisikia vibaya.

"Haya," alisema Boniphace, akimrudishia karatasi yake. "Mimi nina mtihani wangu. Njoo."

Pikipiki ilikuwa ya Kijapani, ya bluu, nzito. Mbele ya injini lilikuwepo kopo la bati nene lenye ukubwa wa kikombe cha chai, na ndani yake hukaa filta ya oili, ile karatasi iliyokunjwakunjwa inayochuja uchafu. Kopo lote hushikwa na bolti moja tu katikati. Filta mpya ilikuwa palepale mezani, ndani ya boksi lake, inang'aa. Ya zamani ndiyo iliyokataa kutoka. Kichwa cha bolti kilikwisha kulika kwa spana za watu mpaka kikawa duara kama karanga, na kopo lenyewe lilikuwa na makovu ya tindo kila upande.

"Injini imeanza kugonga," Boniphace alisema. "Oili inazunguka na uchafu wake. Mafundi watatu wameshindwa. Anayefungua hapa bila kuvunja injini, huyo ndiye mkuu wa gereji."

Masatu alichuchumaa. Akapitisha kidole kwenye ungio la kopo, akatikisa kichwa. Alihisi macho ya watu mgongoni, na bado kile kicheko cha cheti kilikuwa kinamuwasha. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye sufuria za Mama Miriamu:

"Aliyefunga hapa alikuwa anafunga pikipiki au kaburi?"

Mafundi wakacheka, na safari hii walikuwa upande wake.

"Mkono huu ni wa mtwanga udaga wa muhogo," aliendelea. "Huyu mtu angepewa chupa ya soda afunge, mngekunywa soda siku ya kiama."

"Mzee ana maneno!" alisema fundi mmoja, akijipiga paja.

Hata Boniphace alitabasamu. "Sasa umfahamu. Ni Thadeo. Alikuwa fundi wangu hapa. Ameliziba ili nisijue kwamba habadilishi filta. Eti anasema aliikuta hivyo tangu niinunue. Fundi gani hasemagi hivyo? Nimemfukuza Jumatatu."

Masatu aliinamia injini, akajifanya anatafuta kitu.

Alimjua Thadeo. Walikuwa wamekaa dawati moja usiku wa kisomo, watu wazima na magoti yao yamebana chini ya dawati la watoto. Walikuwa na penseli moja. Thadeo aliikata kwa kisu katikati, akampa Masatu nusu yenye kifutio. "Wewe ndiye unayekosea sana," alimwambia. Masatu alijisikia kama mtu aliyetema mate akatambua baadaye ametema upande wa jirani. Lakini maneno yalikwisha kutoka, na watu walikwisha kuyafurahia. Akajiambia kwamba kazi ni kazi.

*

Alimwomba Mama Miriamu jiko lake. Akatia kipande cha nondo kwenye mkaa hadi kikawa chekundu, akakishika kwa praizi na kukigandamiza juu ya bolti. Joto hutanua chuma, na chuma kikitanuka hulegea. Hiyo kila fundi anaijua.

Moshi mwembamba ulitoka kwenye ungio. Masatu aliuvuta puani bila kukusudia, mikono yake ikasimama.

Haikuwa harufu ya oili. Ilikuwa harufu ya ufuko wa Majita asubuhi, mitumbwi imelazwa ubavu juu ya mchanga, debe la lami linachemka juu ya mafiga matatu. Baba yake alikuwa fundi mitumbwi. Yeye Masatu, kaptula bila kifungo, alikaa miguuni pake akisokota pamba kuwa kamba nyembamba, na mzee aliichovya kwenye lami, akaishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu. Kazi hiyo ndiyo kalafati. Mtumbwi usipopigwa kalafati ni ungo tu. Mzee alikuwa na neno moja alilolisema kwa Kijita siku nzima, maana yake, Sukuma mpaka ikatae. Wakati huo furu, samaki wadogo wa ziwani, walivuliwa kwa kikapu, kabla sangara hajawamaliza, na mtu aliyerudi toka ziwani hakupita mbele ya fundi bila kumwachia mboga.

Nani aliyeweka lami kwenye injini?

Masatu alichukua bisibisi, akakwangua rangi ya bluu chini ya tangi, mahali pasipoonekana. Chini ya bluu palikuwa na nyekundu.

Alikaa chini kabisa, juu ya mavumbi, na shati lake la pasi.

Pikipiki hii ilikuwa ya Stanislausi, katekista wa Butiama. Themanini na tatu, mwaka wa msako wa walanguzi, wakati hata mshumaa ulifichwa. Katekista aliisukuma toka Makutano, oili ikimwagika njia nzima, kwa sababu mpira wa kuzunguka kopo la filta ulikwisha kukatika. Mpira wa ukubwa wa bangili. Nchi nzima haikuwa na mpira ule. Na huko Nyamuswa wagonjwa walikuwa wakimsubiri, maana ndiye aliyewapelekea dawa za misheni pamoja na sala. Masatu alitazama lile kopo nusu siku. Kisha akaenda nyumbani, akapasua kona ya mto wa Dafroza, akatoa pamba. Akaenda Mwigobero kwa watu wa mitumbwi, akaomba lami ndani ya kopo la maziwa. Akaiosha filta kuukuu kwa petroli, akairudisha, akasokota pamba, akapiga kalafati. Alipaka lami hata kwenye nyuzi za bolti, ili isilegee kwa mitikisiko ya barabara. Alisukuma mpaka ikakataa.

Stanislausi aliwasha, akangoja, akapitisha kiganja chini ya injini. Kikavu. Alimshika Masatu mikono yote miwili yenye lami, akaiombea mbele ya majirani.

Basi miaka mitatu ya joto la injini ilikuwa imeoka kalafati ile ikawa jiwe. Katekista alikwisha kuhamishwa, pikipiki ikauzwa, ikapakwa bluu. Thadeo alikuwa amesema kweli. Aliikuta hivyo.

"Vipi, mzee, umeshindwa?" aliuliza fundi mmoja.

"Nipeni mafuta ya taa," alisema Masatu. "Na kitambaa. Na kijiti cha mti mgumu. Halafu msogee, mnanizibia mwanga."

Walisogea kwa heshima, wakidhani ni siri ya ufundi. Masatu alilizungushia kopo kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, akangoja, akalowesha tena, kama baba yake alipobomoa mtumbwi mkongwe. Aliuchonga mti ukawa kabari. Akachukua tupa, akakikwangua kile kichwa cha bolti pande mbili mpaka kikapata mabega ya kushikwa, akakibana kwa ile spana ya kutanua na kubana ambayo mafundi huiita malaya, maana haichagui nati. Alivuta polepole. Alijua nyuzi zinakwendaje ndani, kwa kuwa ni yeye aliyezipaka. Bolti ilitoa mlio kama mlango wa kanisa la zamani, ikazunguka.

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa miaka mitatu hajapigiwa makofi.

Kopo lilifuata, kwa kabari, robo kwa robo. Oili nyeusi ikamwagika kwenye beseni. Kwenye mfereji wa ungio ilikaa duara la pamba, jeusi, gumu, zima kama lilivyowekwa. Masatu alilibandua kwa ukucha. Mwili wake ulimkinga na macho ya watu. Akalifumba kiganjani, akalitia mfukoni.

"Fundi!" Boniphace alikuja mwenyewe, akachuchumaa kwenye mavumbi pamoja naye. "Umejuaje kwamba ni mafuta ya taa?"

"Nimewahi kukutanaga nayo."

"Basi Jumatatu unaanza. Mke wako uje naye, chumba kinatosha. Na huyo Thadeo nitahakikisha hakuna gereji hapa Bunda inayompokea. Mtu wa hila kama yule!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kujibiwa. Mafundi walimtazama. Mama Miriamu alikuwa amemjazia sahani ya wali bila kuombwa. Masatu alifungua mdomo.

"Asante, bwana," alisema.

*

Dafroza alipiga kigelegele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi. Wiki hiyo alianza kugawa vitu: mtungi kwa jirani, kuku kwa shemeji, pamoja na yule mwenye kilema, ungo wa dagaa kwa yeyote mwenye mgongo wa kuubeba. Masatu aliitikia kila jambo. Alikuwa na heri, watu walisema, ila amekuwa mpole sana.

Jumamosi asubuhi Dafroza alifua nguo za safari. Akatia mkono kwenye mfuko wa suruali, akatoa lile duara. Akalinusa.

"Baba Selestina, hii si lami ya mitumbwi?"

Masatu alikuwa akipanga soketi zake tisa kwenye sanduku.

"Na hii ni pamba." Aliivunja ncha kidogo, akaiona nyeupe ndani. "Hii ni ya mto wangu! Ule uliopasua ukasema ni panya!"

"Nilisema panya?"

"Ulisemaga panya, na mimi nikatega mtego miezi miwili."

Basi akamweleza yote, kuanzia katekista hadi makofi. Dafroza alisikiliza akiwa amesimama, povu likimkauka mikononi. Maelezo yalipofika kwa Thadeo, Dafroza alikaa juu ya beseni lililopinduliwa.

"Ukimwambia bwana yule, kazi atakupa?"

"Sijui."

"Unajua."

"Ninajua," alikubali Masatu.

Kuku kilema alipita kati yao. Dafroza alimtazama hadi akapotea nyuma ya jiko.

"Siku ile barua ya msiba wa baba yako ilipokuja," alisema hatimaye, "ulikuwa hujajua kusoma. Ulibeba bahasha ukaenda nayo kisomo, ukidhani ni ya salamu. Nani alikusomea?"

"Thadeo."

"Alikusomeaje?"

"Alinitoa nje kwanza. Akaisoma polepole, kwa sauti ya chini, akaikunja. Halafu akanirudisha darasani, akamwambia mwalimu kwamba macho yangu yanauma kwa sababu ya taa ya karabai."

Dafroza aliinuka, akaenda ndani. Masatu alidhani amekasirika. Alirudi na daftari, kalamu na bahasha moja iliyobaki tangu kipaimara cha binti yao Selestina.

"Andika," alisema. "Kabla sijamfuata yule shemeji nimnyang'anye kuku wangu wengine. Huyu kilema ndiye tu aliyerudi mwenyewe."

*

Aliandika juu ya sanduku la spana, kwa mwandiko ule wa kisomo, kila herufi imesimama peke yake.

*Kwa Bwana Boniphace, Nyasura, Bunda.*

*Yah: KUFUNGUKA KWA FILTA YA OILI*

*Bwana, salaam. Husika na kichwa cha barua hapo juu. Filta uliyonipa niifungue niliifunga mimi mwenyewe hapa Mwisenge mwaka 1983, kwa pamba na lami, kwa kuwa mpira haukupatikana. Fundi Thadeo aliikuta hivyo kama alivyokwambia. Nilipoitambua sikusema. Nilimcheka mbele za watu na naomba wale waliocheka wasomewe barua hii. Pamba yenyewe nimeiweka humu uione. Kazi ni ya Thadeo. Mimi sitafika Jumatatu.*

*Naomba pia ieleweke kwamba kwa miaka mitatu haikuvuja hata tone.*

*Wako mtiifu, Fundi Masatu.*

Alimsomea Dafroza kwa sauti.

"Hilo la kuvuja liondoe," alisema Dafroza.

"Kwa nini?"

"Mtu anayeungama dhambi hamalizi kwa kujisifu."

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli."

"Basi linabaki."

Dafroza alicheka mpaka akashika mbavu, na Masatu, aliyekuwa hajacheka tangu Bunda, akacheka naye. Kisha wote wawili wakautazama ungo wa dagaa, ulioegemezwa palepale ukutani. Hakuna aliyekuwa amekuja kuuchukua.

Bahasha haikushika. Gundi za miaka ile zilikuwa za kulambwa bure. Dafroza alikoroga uji mzito wa unga wa muhogo kwenye kifuniko, akaupuliza, akampa. Masatu aliitia ile pamba ndani ya karatasi, akaikunja, akapaka uji ukingoni, akaanza kugandamiza kwa lile dole lisilo na ukucha, toka kona hadi kona, na tena.

"Wewe," alisema Dafroza. "Usisukume mpaka ikatae. Yule bwana aweze kuifungua."

Masatu aliinua dole gumba. Akatazama bahasha, akaacha kona moja bila kuibandika, nafasi ya kidole kuingia.

Basi la Bunda lilikuwa likipiga honi barabarani. Alilikimbilia na bahasha ikiwa bado na joto la uji, kondakta akanyoosha mkono mlangoni.

"Ya nani hii, mzee wangu?"

"Ya Boniphace, Nyasura. Mkononi mwake."

"Ina kitu ndani?"

"Ina pamba," alisema Masatu, na basi likaondoka nayo.